Ushauri jamani: alumini, zinki au Cor-Ten kwa mbele ya jengo?

Mjenzi_Kimya: Wakuu, nimekwama. Nina jengo nataka livikwe metali upande wa mbele. Nimebakiza alumini, zinki na kile chuma kinachoota kutu chenyewe, Cor-Ten. Kipi kinadumu? Usingizi sipati.

Nondo16: Zinki, mkuu. Inajitengenezea utando wa kijivu, mikwaruzo midogo inajifunika yenyewe. Ila iachie nafasi ya hewa kwa nyuma. Unyevu ukinaswa huko, inaliwa kimyakimya na wewe kwa nje unaiona safi.

Bi_Msumari: Mimi niliweka Cor-Ten. Mvua za kwanza ikachuruzisha maji ya rangi ya chungwa mpaka kizingitini, fundi ananiambia "ndio urembo wenyewe huo". Mume wangu anasugua sakafu hadi leo. Na karibu na bahari usithubutu, chumvi haiachi ile kutu itulie, inakula tu.

Ghorofa_Ngapi: Jengo lina ghorofa ngapi? Na hiyo alumini ni bamba zima au paneli ya tabaka?

Mjenzi_Kimya: Ya tabaka. Nyepesi, imenyooka vizuri.

Ghorofa_Ngapi: Katikati kuna nini? Na ghorofa hujajibu.

Mjenzi_Kimya: Polithilini. Ghorofa tisa. Malipo ya awali nimeshatoa, ndiyo maana sikutaka kuanzia huko. Lakini muuzaji kasema alumini haishiki moto, na vizima moto vitakuwepo kila koridoni.

Mzee_Plasta: Vijana mnapenda kung'ara. Plasta na rangi zimewakosea nini?

Ghorofa_Ngapi: Alumini ya juu kwa kawaida ni nusu milimita, inayeyuka kwenye nyuzi 660, na ndani yake ni plastiki. Grenfell Tower, London, Juni 2017: moto ulianzia jikoni, ukatoka dirishani, ukapanda kwa nje kupitia paneli za aina hiyohiyo. Walikufa watu 72. Kizima moto cha koridoni kitafikaje huko nje? Chukua bamba zima la milimita 3, au kiini cha madini, na udai cheti cha moto cha ukuta mzima ulivyofungwa, pamoja na kilicho nyuma ya paneli.

Mjenzi_Kimya: Bamba zima ni zito, fremu zote nibadilishe? Majengo mangapi yana hizi paneli na yamesimama?

Jicho_Kodo: Ngojeni kwanza. ID hii hii si ndiyo ilikuwa inauza paneli juzijuzi, "mzigo umebaki, bei ya kutupa"? Leo imekuwa mwenye jengo? Chai hii haina hata sukari.

Mjenzi_Kimya: Yule ni mdogo wangu, tunatumia akaunti moja.

Jicho_Kodo: 😂😂 Na ghorofa tisa mnatumia moja?

Ghorofa_Ngapi: Basi mdogo wako aandike kwenye tangazo kiini ni cha nini. Kuna mtu atanunua.

Bi_Msumari: Wakati mnagombana, nani anajua dawa ya madoa ya kutu sakafuni?

Nondo16: Asidi ya oksali, dada. Vaa glavu, jaribu pembeni kwanza.