Ganzi ipi ichukue nafasi ya epidurali baada ya kupasua kifua?

Afisa wa ganzi, Mbarara
Ndugu zangu, naomba ushauri. Wiki iliyopita mzee mmoja wa kilo 50 aliondolewa sehemu ya chini ya pafu la kulia kwa sababu ya uvimbe, nami nikamwekea epidurali ya kifua, yaani ganzi inayopitishwa kwa mrija mgongoni, nje tu ya utando wa uti wa mgongo. Maumivu yalitulia, lakini saa nane za usiku presha ilishuka hadi 75 kwa 40, na muuguzi wa zamu, aliyekuwa peke yake na wodi nzima, hakuwa na njia ila kuifunga dawa. Asubuhi nilimkuta mzee ameukumbatia mto kifuani, anakohoa nusunusu kwa kuziogopa mbavu zake, na makohozi yanakoroma ndani. Je, kwa wodi ya namna hii, ni ganzi ipi inayofaa?

Daktari wa ganzi, Kampala
Dada, hukukosea. Epidurali inatuliza kweli, ila inataka macho usiku kucha, kwa kuwa ganzi yake huenea pande zote mbili za uti wa mgongo na kuilegeza mishipa ya damu. Ukiiweka dawa pembeni mwa uti wa mgongo, pale neva zinapochomoza kati ya pingili, hushika zaidi upande uliopasuliwa. Uchambuzi wa mwaka 2016 wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikuta kwamba njia hizi mbili hutuliza maumivu kwa kiwango kinachokaribiana, lakini hii ya pembeni haisumbui sana kwa presha kushuka, kichefuchefu, muwasho na mkojo kuziba.

Kama hamna altrasaundi, mwombeni daktari wa upasuaji aiweke mwenyewe katheta, ule mrija mwembamba wa kupitishia dawa, kabla hajafunga kifua: aubandue taratibu utando unaofunika mbavu kwa ndani, kisha aipitishe katheta chini yake hadi karibu na pingili, huku akiiona kwa macho. Mimi naipenda njia hii kuliko kuchoma kwa kukisia, maana sindano ikizidi kina inaweza kutoboa pafu. Penye usaha kifuani msiitumie.

Mtaalamu wa ganzi, Gulu
Naongeza ganzi ya chini ya msuli unaonyoosha mgongo, iliyoelezwa mwaka 2016. Sindano hulenga mfupa wa pembeni wa pingili, mbali na pafu, kwa hiyo ni rahisi kumfundisha mwenye altrasaundi. Udhaifu wake ni kwamba dawa haienei sawa kwa kila mgonjwa. Kwa upasuaji wa kamera naitumia bila wasiwasi, lakini kwa kifua kilichofunguliwa wazi ningeanza na ile ya pembeni mwa uti wa mgongo aliyoitaja daktari. Ganzi ya kuchoma kati ya mbavu, ikiwa ni ya mara moja, huisha baada ya saa chache.

Afisa wa ganzi, Mbarara
Nawashukuru sana. Na dozi kwa mzee kama huyu?

Daktari wa ganzi, Kampala
Kwa dozi ya kwanza, dawa ya ganzi bupivakeni isizidi miligramu 2 kwa kila kilo, yaani 100 kwake, ambazo ni mililita 40 za asilimia 0.25, ukihesabu pia ile inayochomwa kwenye kidonda. Akisema midomo inakufa ganzi au masikio yanavuma, simamisha mara moja. Parasetamoli apewe kwa saa zake, na mofini ya maji iwe karibu, kwa sababu bega la upande huo huenda likamuuma hata ganzi ikishika vizuri: maumivu hayo hupitia neva ya kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu), inayoteremka kutoka shingoni, na ganzi ya mbavuni haiifikii.