Kujaribu kifaa cha kuchochea neva ya mguuni kwa wanawake wanaobanwa na mkojo ghafla

Muuguzi_K: Wakuu, tunajiandaa kujaribu kifaa cha umeme cha pedi za kubandika kifundoni. Kioo kinaonyesha hezi 20 (mapigo 20 kwa sekunde) na mikrosekunde 200 kwa kila pigo, lakini kwa wengine kidole gumba cha mguu hakichezi hata ukipandisha. Kasoro ni mashine au pedi? Na matokeo tuyapimeje?

FundiTiba: Usiamini kioo. Unganisha waya mbili kwa rezista ya omu 1000, uisome kwa oskiloskopu (kifaa kinachochora volti kwenye kioo). Miliampea 20 lazima zitoe volti 20, na pigo lirudi kila milisekunde 50. Kisha weka rezista ya omu 500. Volti zikishuka hadi 10, mashine inashikilia mkondo. Zikibaki 20, inashikilia volti: pedi ikikauka, mgonjwa anapata mkondo pungufu na huoni kitu.

Viungo_na_Misuli: Mara nyingi ni pedi. Moja ibandike upande wa ndani, vidole vitatu juu ya mfupa wa kifundo, nyuma kidogo ya ukingo wa muundi. Nyingine kwenye upinde wa unyayo, mguu uleule. Osha mafuta ya ngozi kwanza. Pandisha taratibu mpaka gumba lijikunje au msisimko ushukie unyayoni, kisha mwache kwenye kiwango asichoumia, dakika 30. Akihisi mchomo chini ya pedi tu, isogeze nusu sentimita. Kuongeza umeme hapo ni kumtesa bure. Mguu ukiwa umevimba, jaribu wa pili.

Mtafiti_Kibofu: Kabla ya yote, pima mkojo kuondoa maambukizi, na usimwingize mjamzito wala mwenye kidhibiti mapigo ya moyo. Shajara ya siku 3, mwanzoni na wiki ya 12: mara alizokwenda, mililita, kubanwa, kuvuja.

Kundi la kifaa bandia (kisichotibu, cha kulinganishia) ni lazima. Kwa tiba ya kuchochea neva hiyohiyo kwa sindano, jaribio la SUmiT la Marekani (2010) liliwauliza wagonjwa wanavyojiona: nafuu kwa 54.5% dhidi ya 20.9% ya kundi la kifaa bandia. CONFIDeNT la Uingereza (2015), la wanaovuja kinyesi, likahesabu waliopunguza kuvuja kwa nusu au zaidi: 38% dhidi ya 31%. Kwa hiyo amueni kipimo kikuu kabla ya mgonjwa wa kwanza. Na kifaa bandia kitekenye kidogo mahali pengine mguuni. Kikinyamaza kabisa, watakigundua.

Muuguzi_K: Asanteni sana. Tunaanza na rezista.