Kijana kaacha mpira, kahamia kwenye simu

Mama J, Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina kijana wa kidato cha pili, miaka 15. Zamani ukimtafuta jioni unamkuta mchangani, beki wa kulia. Akanenepa kidogo, wenzake wakaanza kumwita "Kiroba", akaacha kwenda. Siku hizi ni gemu na video fupi hadi alfajiri. Hela ya nauli ananunulia bando la usiku, shule anakwenda kwa miguu. Baba yake anataka kumwamsha saa 11 kila siku, akimbie mwendo wa fimbo. Mnasemaje?

Mzee wa Gongo la Mboto
Mnyang'anye hiyo simu, mpe kiswaswadu. Kwisha.

Kocha wa Mchangani
Shikamoo Mzee. Kiswaswadu hakitamrudisha uwanjani.

Mama J, soma tena ulichoandika: jina la utani limetangulia, simu ikafuata. Kwenye gemu hakuna anayeona tumbo lake, na kila usiku anapanda ngazi. Uwanjani alikuwa anapanda nini? Tafiti nyingi za vijana zinakuta uraibu wa intaneti, uhaba wa mazoezi na kutojiamini vikiandamana, ila nyingi huwauliza mara moja tu, kwa hiyo hazisemi kipi kilimleta mwenzake. Kwa hawa ninaowafundisha, naona kujiamini ndiko kunakoondoka kwanza.

Fimbo hapana. Atayachukia mazoezi mpaka uzeeni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku kwa umri wa miaka 5 hadi 17, na hata kule kutembea kwenda shule kumo, mradi akaze mwendo. (Bando limemfanyisha zoezi bila kujua!)

Mimi ningemtoa kwanza kwa hao wa "Kiroba". Kidongo Chekundu kuna viwanja vya kikapu, na huko hakuna anayemjua. Au klabu ya jogingi Jumamosi: watu wazima na vitambi vyao wanakimbia wakiimba, nani atamcheka? Usiku simu ilale sebuleni, ya baba pia.

Mama J, Tabata
Hiyo ya baba ndiyo kazi! Asante kocha. Basi Jumamosi nampeleka kwenye kikapu.

Kocha wa Mchangani
Subiri, dada. Yeye mwenyewe umemuuliza?