Nyumba ya zamani ya safu hapa Kisumu, yenye sola: je, bei ni ya haki?

MpangajiWaMilimani

Hamjambo nyote. Nimeonyeshwa nyumba inayouzwa hapa Kisumu, katika safu ya nyumba sita zilizoshikana kuta, zilizojengwa mwaka 1974. Ina vyumba vitatu vya kulala, nayo ni ya tatu kwenye safu, kwa hiyo ina jirani pande zote mbili. Muuzaji ni mzee mstaafu anayeishi humo na mkewe. Anataka shilingi milioni 8.5, na hafichi kwamba milioni moja na laki mbili kati ya hizo ni za mitambo ya kuokoa stima: paneli nane za sola za wati 330 kila moja, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani), betri nne, mtambo wa kupasha maji kwa jua, na taa za LED nyumba nzima. Amenionyesha tokeni za stima za mwezi uliopita, nazo hazikufika shilingi mia sita. Mimi nina watoto wanne, na ninapopanga sasa nalipa zaidi ya elfu tano.

Nyumba yenyewe imenipendeza. Kuta ni za mawe, madirisha ni makubwa, na ingawa nilifika saa nane mchana, saa ambayo hata kuku wa Kisumu hutafuta kivuli, sebuleni kulikuwa na ubaridi. Mzee anasema siri ni paa: hajaezeka mabati, ameyaacha yale mabamba mazito ya kijivu ya tangu nyumba ilipojengwa, na paneli zimefungwa juu yake. Je, bei ya mitambo ni ya haki, na ni nini kingine niulize kabla sijalipa chochote?

FundiStima_Kondele

Ndugu, tokeni za shilingi mia sita zinakueleza maisha ya wazee wawili. Hazikuelezi uwezo wa mitambo. Mwombe mzee rekodi ya tokeni za mwaka mzima, kisha uulize nguo hupigwa pasi lini na friji ni ya ukubwa gani.

Kwa paneli sina wasiwasi mwingi, kwa kuwa kwa kawaida hupewa dhamana ya miaka 25. Usisumbuke pia na upande zinaoelekea, maana sisi tuko karibu mno na ikweta na jua hutupita utosini. Kivuli ndicho cha kuogopa, kwa sababu tawi la mwembe wa jirani likifunika paneli moja linaweza kushusha umeme wa mstari mzima wa paneli zilizounganishwa nayo.

Hela ya mzee imelala kwenye betri. Soma kibandiko. Kama ni za risasi na asidi, za volti 12 na 200Ah (kipimo cha umeme ambao betri hubeba), kila moja inabeba takriban uniti 2.4, zote nne 9.6, lakini ukitaka zidumu utatumia nusu tu, yaani kama uniti 4.8 kwa usiku. Betri za aina hiyo huchoka kwa miaka mitatu hadi mitano, na joto letu huzizeesha mapema zaidi. Kama ni za lithiamu, hesabu inabadilika kwa faida yako. Njia ya kujua ukweli ni kumwomba mzee azime swichi kuu saa moja jioni, friji na taa zikiwa zinafanya kazi, kisha urudi alfajiri uone kama bado zinawaka. Angalia pia waya wa ardhi na kinga ya radi, kwa maana dhoruba za alasiri kutoka ziwani zimekwisha kuniletea inveta nyingi zilizoungua. Taa za LED usizilipie hata senti. Hizo ni za dukani tu.

MjenziMama

Fundi amesema vyema, ila nyote wawili mmelipita neno lililonishtua. Mabamba mazito ya kijivu, ya 1974, yenye mawimbi na yasiyoshika kutu: hayo yaelekea sana kuwa ya asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyochanganywa na saruji. Ni kweli hupoza nyumba kuliko mabati. Lakini yakitobolewa kwa drili au kuvunjika hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana, ambazo mtu akizivuta huweza kupata saratani ya mapafu miongo kadhaa baadaye, na aliyefunga paneli hizo alitoboa kila mahali penye boliti. Kanuni za usimamizi wa taka zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, kwa hiyo huwezi kumwita kijana na nyundo ayaangushe na kuyatupa; yabebwe na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Halafu ni nyumba ya safu. Bamba la mwisho hulala juu ya ukuta wa pamoja na kuingia kwa jirani, na huwezi kubadilisha paa lako bila kugusa lake. Fungua mlango wa dari, tazama bila kugusa, utuambie ukuta wa pamoja unafika wapi, kwani ukikoma darini, vumbi la paa lako ni la jirani pia.

MpangajiWaMilimani

Asanteni. Nimepanda leo na tochi ya simu. Ukuta wa kila upande unakoma sawasawa na dari. Juu yake ni wazi, na niliuona mwanga wa jirani ukipenya kwenye tundu la taa yake. Chini ya boliti mbili, juu ya mbao, kulikuwa na vumbi la kijivu kama unga uliomwagika. Sikuligusa. Betri ni za risasi, na kibandiko kinasema 2020.

WakiliWaZiwa

Niongeze mambo machache. Mwombe mzee stakabadhi za mitambo na umwulize kama ilinunuliwa kwa mkopo, kwa sababu chini ya Sheria ya Haki za Dhamana juu ya Mali Inayohamishika ya 2017 mkopeshaji anaweza kuwa ameisajili kama dhamana, na sajili hiyo hutafutwa kama hati ya ardhi inavyotafutwa. Kila kifaa kiorodheshwe katika mkataba wa mauzo, la sivyo siku ya kuhamia utakuta misumari mitupu ukutani. Kumbuka ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani shilingi 340,000 kwa bei hiyo. Ikiwa ardhi ni ya kukodi kwa miaka 99, pima miaka iliyobaki, kwani benki huitazama sana kabla ya kukopesha. Suala la paa liingizwe kwenye mkataba kabla ya kulipa ile asilimia 10 ya kwanza.

MpangajiWaMilimani

Nimeketi na mzee jioni hii. Hakuwa akijua habari ya asbesto, na nikimtazama nilimwamini. Jirani wa nyumba ya nne yuko tayari kubadilisha paa pamoja nasi. Wa nyumba ya pili anataka kwanza kuona makadirio. Betri nimeziondoa kwenye hesabu, na tumekubaliana kwamba bei haitazungumzwa tena mpaka tupate makadirio ya wabebaji wenye leseni, ya paa la nyumba zote tatu.