Mafundi wa Arusha na Moshi, saundi kadi HAIJAFA! Acheni kula hela za watu

Wakuu, hili limezidi. Mtu anapeleka kompyuta mjini kwa sababu spika zinavuma "ng'uuuu", fundi hata mfuniko hajafungua, jibu analo: "Saundi kadi imekufa, boss," yaani kile kifaa cha kompyuta kinachotoa na kupokea sauti. Anauziwa nyingine ya USB, anafika nayo nyumbani Sakina, mvumo uko palepale. Akirudi anaambiwa ni Windows, ifomatiwe. Tangu lini kufomati kukatibu umeme?

Kipimo cha kwanza ni bure. Kama ni laptop, chomoa chaja, iache kwenye betri. Mvumo ukikata, kadi ni nzima. Chaja nyingi za pini mbili huvujisha umeme kidogo, ndiyo maana ukigusa bodi la chuma unahisi kama linakutekenya. Umeme huo ukipata waya wa kwenda kwenye mixa (mashine ya kuchanganya sauti), unapita humo humo.

Desktop ndiyo balaa. Kompyuta imechomekwa soketi hii, mixa iko soketi ya ukuta wa pili, halafu waya wa sauti unaunganisha ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) mbili zisizolingana. Mkondo unapita kwenye nyuzi za nje za waya huo, na kwa kuwa umeme wetu ni wa Hz 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), masikioni unakuja mvumo wa Hz 50 na 100. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli. Ikigoma, weka katikati kile kisanduku chenye transfoma mbili ndogo, jeki za mm 3.5 huku na huku. Vya bei chee hupunguza besi kidogo, vumilia.

Na nyie mnaokata pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo uishe, mtaua mtu! Waya wa moto ukigusa kasha la chuma, aliyeshika maiki ndiye anageuka ethi.

Kama kelele ni "zzzi" inayofuata mausi ikisogea, umechomeka jeki ya mbele. Waya wake unakatiza ndani ya kasha karibu na kadi ya picha, unaokota takataka zote. Hamia nyuma, tundu la kijani. Basi.

"Shhh" ya maiki: bonyeza Windows+R, andika mmsys.cpl, ingia Recording, chagua maiki, Properties, Levels. Utakuta Microphone Boost iko +30 dB. Shusha mpaka +10 au 0, halafu sogeza maiki karibu na mdomo.

Makanisani nako, sauti ya mixa inaingizwa tundu la pinki kisha wanashangaa inakwaruza. Pinki ni ya maiki, mixa inaingia bluu! Mikwaruzo ya "tap tap" wakati wa kurekodi ni bafa ndogo (akiba ya muda ya sauti kwenye kompyuta). Kwenye mipangilio ya programu ya kurekodia, toa 64 weka 256.

Mwenye kujua duka la Arusha au Moshi lenye visanduku vya transfoma vya uhakika aweke hapa. Na wewe uliyeuziwa kadi bila fundi kuchomoa hata chaja, mrudishie, udai chako.