Wajuzi wa ndoano njooni: samaki gani wa maji baridi ndo mtamu kweli? Nimechoka kula tope

Mgeni_wa_Mshipi:
Wakuu habari za muda huu. Mimi nimeanza kuvua kwa ndoano kama miezi mitatu hivi, sio biashara, ni kupunguza mawazo tu wikiendi na nikibahatika nipate kitoweo. Sasa Jumamosi iliyopita nikapata sato wanne wa saizi ya kiganja kwenye bwawa moja limetulia hilo, maji ya kijani kabisa, nikarudi nyumbani kifua mbele kama nimetoka vitani, mama watoto akawakaanga, tukakaa mezani, tumeonja tu kila mtu kanyamaza. Mtoto wa mwisho ndo akasema ukweli, "baba huyu samaki ana ladha ya udongo". Na kweli, ilikuwa kama mtu kaokota samaki kamviringisha kwenye tope ndo akamkaanga na tope lake. Tangu siku hiyo nikishika fimbo yangu naulizwa unaenda kutuletea udongo tena?

Sasa naomba ushauri, nilenge samaki gani? Awe mtamu, asiwe na miiba ya kutuulia huyo mtoto, na awe anapatikana kwa ndoano ya kawaida maana nyavu sina na sitaki. Nawasilisha.

Dogo Chambo:
Sato. Uzi ufungwe.

Mgeni_wa_Mshipi:
Dogo umesoma kweli nilichoandika?? Hao hao sato ndo wamenitia aibu.

Kambare Mweusi:
Watu wanakimbilia sato kwa sababu ya sura tu. Mkuu mtafute kambare. Hana magamba ya kukuchosha, hana ile miiba midogo midogo kama nywele, ana uti wa mgongo na mbavu basi, mtoto anakula bila kusimamiwa. Halafu ana mafuta yake ya asili, ukimbanika kwenye moshi taratibu hutaki kusikia habari ya samaki mwingine. Na kwa mtu wa ndoano ndo rahisi kabisa, jioni giza linaingia weka mnyoo au utumbo wa kuku, acha chambo kilale chini, subiri. Anakula kila kitu huyo.

Bibi Shombo:
Anakula kila kitu ndo shida yenyewe 😂 kwani tope lipo wapi kama sio chini huko anakolala kambare? Umemtoa mwenzio kwenye udongo unampeleka kwenye shimo.

Kambare Mweusi:
Bibi kambare wa mtoni umewahi kumla au unaongea tu?

mpishi_wa_zamu:
Naona mnagombania majina ya samaki wakati jamaa tatizo lake sio jina. Mgeni, hiyo ladha ya udongo haina uhusiano na sato kuwa sato. Kuna kitu kinaitwa jiosmini, kinatengenezwa na bakteria wa kwenye tope pamoja na ule mwani wa kijani-bluu unaochanua kwenye maji yaliyosimama na yenye joto. Ni kitu kile kile kinacholeta harufu ya udongo mvua ya kwanza ikigusa ardhi kavu, ile harufu wote tunaipenda, ila kwenye sahani ndo balaa. Samaki anaivuta kwa mashavu anavyopumua, inaenda kukaa kwenye mafuta ya mwili wake. Kwa hiyo unaweza kumuosha mara kumi haitoki, iko ndani ya nyama. Na pua ya binadamu inaishika hata ikiwa kiasi kidogo mno.

Ndo maana sato yule yule ukimtoa ziwani kwenye kina au kwenye mto unaotembea anakuwa mtamu mpaka unalamba vidole, ukimtoa kwenye bwawa la kijani anakuwa kama ulivyoelezea. Wewe mwenyewe umeandika "maji ya kijani kabisa", jibu ulikuwa nalo. Mimi nikifika sehemu ngeni kabla ya kutupa ndoano nachota maji mkononi nanusa, yakinuka udongo au majani yaliyooza nahama, sijali samaki wanarukaruka kiasi gani.

Na kama maji yana utando wa kijani juu kama rangi imemwagika, hapo sio suala la ladha tena, huo mwani mwingine una sumu na inajikusanya zaidi kwenye ini na matumbo. Acha kabisa.

Mgeni_wa_Mshipi:
Duh. Mkuu shukrani sana, mi nilidhani kijani ni dalili ya chakula kingi na samaki wamenona.

mpishi_wa_zamu:
Wamenona ndio, wamenona na udongo ndani.

Mzee wa Barafu:
Kabla hatujalaumu maji tu, nina swali kwa mleta uzi. Hao samaki ulivyowatoa ulifanyaje? Uliwaweka wapi na mpaka wanaingia kwenye mafuta ilikuwa saa ngapi?

Mgeni_wa_Mshipi:
Niliwaweka kwenye mfuko wa nailoni pembeni yangu hapo. Wa kwanza nilimpata kama saa tatu asubuhi, nyumbani nimefika saa nane mchana. Sasa hapo kuna shida gani?

Bibi Shombo:
Yesu na Maria 😂😂😂 masaa matano kwenye nailoni juani! Mkuu wewe hukuvua samaki ulimpika huko huko.

Mzee wa Barafu:
Nilijua tu. Sikiliza kijana wangu, mimi nimevua tangu sijaota ndevu na nakwambia samaki anaharibika kwa mkono wa mvuvi kuliko kwa kitu kingine. Udongo ni wa bwawa sawa, ila shombo na ile nyama kuwa legelege kama uji hiyo ni ya nailoni. Ukimtoa tu, mpige kitu kizito kichwani mara moja afe pale pale, akihangaika muda mrefu nyama inaharibika. Kisha kata mashavu mtumbukize kwenye ndoo ya maji dakika chache damu itoke, utaona nyama inakuwa nyeupe na shombo inapungua sana. Halafu barafu. Sio maji ya barafu yaliyoyeyuka tangu jana, barafu yenyewe, na samaki asikae analoa kwenye maji yake. Kama huwezi kubeba barafu basi mtoe matumbo hapo hapo, maana yale matumbo ndo yanaanza kuoza kwanza. Na uwe mwangalifu na nyongo, hicho kifuko cha kijani kikipasuka nyama yote iliyo karibu inakuwa chungu na hakuna limau litakalokuokoa, labda ukikate hicho kipande utupe.

Nikimaliza kupaa nachuna ngozi na kuondoa ule mstari mwekundu mweusi unaopita ubavuni katikati ya mnofu. Hapo ndo ladha kali inapojificha, hasa kwa kambare na sangara. Watu wa mahotelini wanautoa, sisi nyumbani tunaukaanga halafu tunamlaumu samaki.

Dogo Chambo:
Mzee umeua. Ila bado jamaa kauliza samaki gani jamani.

trauti_baridi:
Nichangie kidogo. Kama unaishi sehemu ya milima yenye vijito vya maji safi yanayokimbia, tafuta trauti. Huyu hapendi maji ya moto, anataka maji ya baridi kweli kweli (sio "maji baridi" ya kutofautisha na ya chumvi, namaanisha baridi ya kutetemesha), yakipanda kuzidi nyuzi 20 hivi anaanza kuteseka. Kwa kuwa anaishi kwenye maji hayo mara nyingi hana habari ya tope. Nyama laini, akila sana vile viduduvidudu vya jamii ya kamba inakuwa na rangi ya pinki, na haihitaji viungo vingi, chumvi na limau inatosha. Ila vijito vingi vya trauti vina sheria zake za kibali na ukubwa wa samaki, uliza kwanza.

Kama hauko kwenye baridi basi ningeenda na sangara mdogo mdogo. Nyama imekaza, nyeupe, miiba yake mikubwa inaonekana, kwa mtoto ni salama zaidi. Wakubwa sana wana mafuta mengi, kuna wanaoyapenda mi yananishinda. Halafu samaki wanaokula wenzao wakiwa wakubwa na wazee ndo wanaokusanya zebaki nyingi mwilini kama maji yana zebaki, kwa hiyo jitu la kupiga nalo picha sio lazima ndo la kula.

Bibi Shombo:
Na ningu mbona hamumtaji? Kwa utamu mi namuweka juu ya wote hao, ila sio kwa mtoto, ana miiba hadi unajiuliza nyama iko wapi. Namchanja mistari ya karibu karibu pande zote mbili mpaka kisu kinagusa uti, nachovya chumvi, mafuta yawe ya moto sana na mengi, ile miiba midogo inakauka unaitafuna tu. Kamongo sisemi kitu maana watu watapigana humu, ila mjue anauma, usimtoe ndoano kwa vidole.

Na wale wa kujaribu mkunga, damu yake mbichi ina sumu, isikuingie machoni wala kwenye kidonda, akiiva vizuri haina neno. Kwa ujumla samaki wa maji baridi msiwale wabichi jamani, kuna minyoo ya tumboni na ya ini.

Mgeni_wa_Mshipi:
Swali la mwisho, kama karibu na mimi ni bwawa tu, mto uko mbali, hakuna namna?

Kambare Mweusi:
Ipo na hapa ndo kambare anawashinda wote. Anapumua hewa, hivyo unamrudisha nyumbani mzima kwenye ndoo yenye maji kidogo au gunia lililoloa. Muweke kwenye pipa la maji safi siku kadhaa, usimpe chakula, badilisha maji kila siku. Maji ya bomba yenye dawa yaache wazi siku nzima kwanza. Ule udongo unatoka taratibu, aliyenona sana anachukua muda zaidi. Ukimchinja mloweke kwenye siki au limau, tindikali inavunja hicho kitu alichosema mpishi. Ila FUNIKA PIPA na uweke jiwe juu. Sitanii.

Mgeni_wa_Mshipi:
MREJESHO wakuu. Jumapili nimeamka mapema nimeenda mtoni kule mbali, nimepata sato watatu na kambare mmoja. Sato nimewatoa damu, matumbo hapo hapo, barafu. Wameliwa wote jana usiku mpaka vichwa, mtoto kaomba kingine hakipo. Mama watoto hajasema kitu ila kaniuliza Jumamosi naenda saa ngapi.

Kambare nilimuweka kwenye pipa nikafunika na beseni la plastiki. Saa tisa usiku nasikia kitu kinaburuzika, kuwasha taa namkuta yuko nyuma ya mlango wa jikoni anapumua kama kawaida, ananiangalia.

Kambare Mweusi:
Nilisema jiwe. Nilisema beseni?