Kilima kimoja majina matatu, niandike lipi?

mpanda_vilima: Wakuu habari zenu. Nimejitolea kukusanya majina ya vilima vya parokia yetu pamoja na yale marundo ya mawe ya kale yaliyoko juu, maana wazee wanaoyajua wanazidi kupungua na vijana wengi siku hizi wanasema tu "kule juu" basi. Sasa kuna kilima kimoja kinanichanganya, ramani ina jina lake, mzee aliyechunga kondoo pale tangu utotoni ana jina lingine, na mama mmoja wa ng'ambo ya bonde ana jina ambalo hata huyo mzee hajawahi kulisikia. Na lile rundo la mawe la kileleni niliambiwa halina jina, kumbe linalo, nimelisikia kwa bahati tu wakati tunaagana mlangoni! Jina la kweli ni lipi hapo? Halafu nikisoma nilichoandika kwenye daftari hakifanani kabisa na alivyotamka mzee.

kalamu_na_ramani: Andika yote matatu mkuu. Anayekiona kilima asubuhi kikiwa na jua na anayekiona kikiwa giza sio lazima wakiite jina moja. Kila jina weka na aliyekuambia (akikubali), anaishi upande gani, na yeye alilisikia kwa nani.

mzee_wa_kumbukumbu: Ramani usiiamini sana kuliko mchunga kondoo. Chukua mfano wa Uskoti, wapima ramani wa Ordnance Survey (shirika la ramani la serikali ya Uingereza) karne ya 19 walikuwa na vitabu vya majina, kila jina linaandikwa na namna zake za tahajia na watu waliolithibitisha, mara nyingi watatu. Utaratibu mzuri kabisa, lakini wenye ardhi na wasomi walipewa uzito kuliko wakulima wadogo, na ndio hao wadogo waliokuwa wanapanda vilima kila siku. Ireland nako miaka ya 1830 John O'Donovan, msomi wa Kiayalandi aliyefanya kazi na shirika hilohilo, alizunguka parokia kwa parokia akiwauliza watu majina kwa Kiayalandi, ila kwenye ramani yakaenda yameandikwa kwa mtindo wa Kiingereza. Ndio maana hadi leo mtu anaona jina kwenye ramani na hajui lilitoka kwenye neno gani.
Na maana ya jina usikimbilie kuitafsiri. Kilima cha Knocknarea kule Sligo, Ireland, ambako kuna rundo kubwa la mawe linalohusishwa na Malkia Maeve wa hadithi za kale, wataalamu wenyewe wanabishana, wengine wanasema kilima cha wafalme, wengine cha michirizi. Kwenye Kigaeli, lugha ya asili ya Uskoti, nako neno càrn ni rundo la mawe lakini pia linamaanisha kilima chenye miamba, kwa hiyo ukikuta jina lina neno hilo usiandike "hapa pana kaburi la kale" kabla hujapanda ukaona kwa macho.

sauti_kwanza: Daftari liwe la pili, simu ya kurekodi iwe ya kwanza, omba ruhusa tu kabla ya kuiwasha. Mwambie alitamke mara mbili, mara moja peke yake na mara moja ndani ya sentensi, kama vile anamwambia mtu "nenda kamtafute kondoo pale...", utashangaa linavyobadilika. Na kama anaweza kutembea nenda naye hadi pale, au kaeni mahali kilima kinapoonekana, kwa sababu mtu akiwa sebuleni anakumbuka majina makubwa tu, akiona bonde ndio anakumbuka jiwe, kijito, kona. Hadithi nazo usiache. Kwenye vilima vya Loughcrew kule Meath, Ireland, wanasema bibi kizee mchawi alidondosha mawe kutoka kwenye aproni yake akiruka kilima hadi kilima, na vilima vyenyewe vinaitwa Sliabh na Caillí, mlima wa huyo bibi, sasa bila hadithi jina utalielewaje?

mpanda_vilima: Hii ya kukaa mahali kilima kinapoonekana sikuifikiria kabisa, wote niliwahoji ndani. Asanteni sana ndugu zangu. Vipi kuhusu GPS, niweke kila rundo mtandaoni?

kalamu_na_ramani: Jina liweke, hadithi iweke. Namba kamili za mahali zipeleke kwanza kwa ofisi ya mambo ya kale, mengi ya hayo ni makaburi na wachimbaji wa hazina wapo. Na ukiwa juu usipande rundo wala usiongeze jiwe, hata dogo. Hayo mawe yalivyolala ndio kumbukumbu yenyewe.

mpanda_vilima: Sawa mkuu. Jumamosi namrudia mzee, mjukuu wake kakubali kutupeleka kwa gari hadi chini ya kilima.